Viti vya Mama Odile

Habari hii mmeshaisikia, najua, maana hapa Kikula habari haingoji pikipiki, na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake (kuna mama mmoja sokoni anasema nilizimia wakanimwagia maji, uongo mtupu, nilikaa chini tu, tena mwenyewe, miguu ilikuwa imechoka), kwa hiyo naona bora niisimulie mimi niliyeitenda, mcheke mpaka mmalize, halafu tuendelee na maisha. Sitajitetea. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, baba wa watoto watatu, mwimbaji wa kwaya ya misa ya pili, niliumbuka mchana kweupe mbele ya mtaa mzima na hakuna aliyenisukuma. Hadi leo nikisikia mlango wa gari ukifungwa pale nje nainua kichwa, na mke wangu Béatrice akiniona ananiambia, "Tulia, haiko ya banque," yaani si la benki, halafu anacheka peke yake.

Kazi yangu mnaijua, napima malori kwenye mizani ya kiwanda cha chokaa kule Kakontwe. Lori linapimwa likiwa tupu, linapimwa tena likiwa limejaa mawe, tofauti ndiyo mnunuzi anayoilipia, na hapo katikati madereva wananiletea ujanja wa kila aina, huyu amejaza magudulia ya maji ili lori tupu lionekane zito, yule amemlaza shemeji yake nyuma ya kiti na kumfunika turubai, na mimi nawakamata wote, maana dereva mwongo anakusalimia kwa furaha iliyozidi, anakuuliza hadi hali ya mama mkwe. Miaka sita nakamata uongo wa wenzangu kwa salamu tu. Likumbukeni hilo, maana mimi nililisahau.

Sasa, nyumba. Tulikuwa tumepanga kwa mzee mmoja kwa miaka minane, vyumba vitatu na bati lililochoka, lakini jiko la nje nilijenga mimi kwa matofali niliyoyachoma kwa mkono wangu, na mparachichi wa uani tuliupanda siku mzaliwa wetu wa kwanza, Grâce, alipotoka hospitali. Mzee akafa, Mungu amrehemu. Watoto wake wakaja kutoka Lubumbashi, watatu, wamevaa suti, wakasema wanauza. Kwa heshima ya baba yao walinipa mimi nafasi ya kwanza hadi mwisho wa mwezi unaofuata, nikishindwa yuko mfanyabiashara mwenye fedha mkononi anayetaka kubomoa aweke ghala la simenti. Siku ile Béatrice hakula. Alitoka akaenda kusimama chini ya mparachichi akaushika shina kama mtu anayemshika mgonjwa, na mimi nikamwona kupitia dirishani nikaogopa, woga ule wa mwanaume anayejua kwamba wanaomtegemea hawana mwingine.

Benki inayopitisha mishahara yetu inatoa mkopo wa nyumba kwa wenye mkataba wa kudumu, unalipa kidogo kidogo kwa miaka kumi na hati ya nyumba inakaa kwao kama rehani. Nikaenda. Anayeshughulikia mikopo hiyo anaitwa Madame Ritha, mwanamke mfupi, mpole, mwenye mkoba mkubwa, anayekusikiliza bila kupepesa macho, aina ya mtu ambaye ukimdanganya unajisikia vibaya kabla hujamaliza sentensi. Alinipa fomu ya kurasa tano, nikakaa kwenye benchi lao nikawa najaza vizuri, jina, kazi, mshahara, watoto, hadi ukurasa wa tatu. Pale palikuwa na swali moja: umewahi kushindwa kulipa mkopo, mahali popote, wakati wowote? Vijisanduku viwili, cha Ndiyo na cha Hapana. Nikahisi jasho likinishuka mgongoni, na feni ilikuwa inazunguka.

Maana niliwahi.

Miaka tisa kabla ya hapo palikuwa na ushirika wa akiba na mikopo huku kwetu, ambao siku hizi umekwisha kufunga milango. Walikuwa wanakopesha vikundi vya watu watano watano, mmoja akishindwa wengine wanalipa kwa ajili yake. Mimi nilisema nataka kununua mashine ya kuchomelea vyuma. Sikununua mashine yoyote (sijui hata upande gani unatoa moto). Nilikuwa nataka kumwoa Béatrice, na wajomba zake walikuwa wameleta karatasi ya mahari, dot kama tunavyoiita huku, ndefu kama litania, mbuzi wawili, suti ya baba, viatu vya mjomba mkubwa, vitenge vya mama na mashangazi, bahasha, na bahasha nyingine ya kufungulia bahasha ya kwanza. Nikalipa mahari kwa fedha za mashine. Nikarudisha mkopo miezi minne, kazi niliyokuwa nayo ikasimama, nikakimbilia Kakanda kutafuta kibarua kwenye migodi na simu nikaizima. Niliporudi nikakuta kikundi kimevunjika, watatu wameruka kila mtu na lake, na aliyebaki kulipa deni langu lote ni mmoja, Mama Odile, mjane, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, muuza samaki wa barafu. Aliuza friza yake. Ndiyo, congélateur ile aliyokuwa anawekea samaki. Aliniambia mara moja tu, "Utanilipa siku Mungu atakupa," na hakusema tena, na mimi kila mwaka alivyozidi kunyamaza nikazidi kujiambia kwamba amesahau. Béatrice hakujua lolote.

Sasa mniambie, ninyi mngeweka msalaba wapi? (Msijibu, najua mtajifanya watakatifu.) Nikafikiria mparachichi, nikafikiria ghala la simenti, nikajiambia ushirika umekufa na madaftari yake yameliwa na mchwa, nikaweka kimsalaba kidogo sana, chembamba, kwenye Hapana, nikatia sahihi chini. Kalamu haikuchukua hata sekunde moja.

Nikarudisha fomu nikamwuliza Madame Ritha mama mkwe wake hajambo. Nakuapieni, niliuliza hivyo.

Akaipitia, akaniangalia, akasema, "Bon, Papa Grâce. Jina yako itapita kwanza mu liste ya crédits ya inchi yote. Kisha minye mwenyewe nitakuya kwako, niangalie nyumba, niulize bajirani bakoje na weye. Siku ya ine, nikitoka Kakanda, nitapita."

Masikio yangu yalisikia maneno yote haya, ile orodha ya mikopo ya nchi nzima, hiyo Alhamisi, na lile neno Kakanda, lakini kichwani liliingia moja tu: majirani. Kwa sababu mlango wa kwanza ukiingia mtaani kwetu ni wa Mama Odile, na Mama Odile anakaa mbele ya mlango wake tangu asubuhi hadi jua linapozama, na hakuna mgeni aliyewahi kupita pale bila kusimulia shida zake na kusimuliwa za wengine. Mtu wa benki angemwuliza yeye kabla ya mtu yeyote. Niliporudi nyumbani siku ile nilimkuta ameketi pale pale, akanipungia mkono, na mimi nikamwogopa yule mama kama ninavyoogopa nyoka, yeye ambaye mtoto wangu wa pili amelelewa mgongoni mwake.

Basi uongo mmoja ukaanza kuzaa. Binti yake Mama Odile ameolewa Kakanda na mfanyakazi wa mgodi, na wiki ile alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na bibi mtu alikuwa anahangaika kwa sababu hana nauli. Jumatatu asubuhi nikaenda kwake na nauli ya kwenda, ya kurudi na ya sabuni, nikamwambia aende akamwone mjukuu, akae wiki nzima, asiwe na haraka kabisa. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Dieudonné, mutoto wangu, weye njo Mungu alinipatia pa nafasi ya mutoto yangu mwanaume," akasema, akafumba macho, akaniombea palepale barabarani, sala ndefu, na mimi nimeinamisha kichwa naangalia ndala zake za plastiki za rangi ya machungwa, nikitamani ardhi ipasuke. Kisha akaacha ufunguo wa nyumba kwa Béatrice ili awapatie kuku maji, akaondoka. Nilipumua. Nilifikiri nimepona.

Ule ufunguo ndio uliozaa uongo wa tatu. Jumatano jioni naangalia sebule yetu, naona viti viwili vya plastiki na benchi lililopinda, na kwa Mama Odile kuna viti vinne vya sofa vya rangi ya damu ya mzee, alivyoachiwa na marehemu mumewe, na televisheni pana. Nikamwambia Béatrice, tuazime mpaka kesho jioni, tutarudisha kabla hajarudi, benki inapenda kuona mtu aliyetulia. Akasita. Lakini mnamjua mke wangu, ni mtu wa adabu, hawezi kugusa hata kijiko cha mtu bila kuuliza, kwa hiyo wakati mimi nahangaika kupitisha sofa mlangoni yeye alikwenda nyuma ya jikoni akampigia Mama Odile simu, akaomba ruhusa, akaeleza ni kwa ajili ya nini. Hilo mimi sikulijua. Ningelijua ningelala palepale chini ya mparachichi niwaambie wanizike.

Alhamisi mchana mtaa ulikuwa umefagiliwa, si kwa ajili yangu, kwa sababu gari la benki haliingii huku kila siku na kila mtu alitaka kulisubiri. Nilivaa shati la kwaya. Tangu saa sita nasikiliza. Kila injini ilikuwa yao, pikipiki ilikuwa yao, lori la taka lilikuwa lao. Saa tisa gari likafika. Jeupe, limejaa vumbi jekundu hadi madirishani, huoni ndani. Dereva akabaki kwenye usukani. Madame Ritha akashuka na fomu yangu mkononi, lakini hakuingia kwenye lupango, yaani ua wetu, alisimama palepale ubavuni mwa gari, akanisogelea, akashusha sauti.

"Papa Grâce, mbele niingie, niko na swali moja tu. Ile page ya tatu. Kama unataka kuibadilisha, tuibadilishe sasa, bic iko hapa, haiko mambo mukubwa. Ulishaka kukosa kulipa crédit, hata ya zamani, hata ya kidogo?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Leo naliona hilo wazi kama ninavyowaona ninyi. Mtu mwenye akili angeichukua ile kalamu. Lakini woga una ubaya huu, unaziba masikio na kufungua mdomo, na nyuma yangu palikuwa na watu zaidi ya ishirini, na Béatrice yuko mlangoni ameshika mtoto, nikafikiri nikisema Ndiyo sasa, mbele yao wote, nyumba imekwenda na mke amekwenda. Yeye alishusha sauti, mimi nikaipandisha.

"Jamais, Madame! Minye? Uulize muntu yeyote hapa! Naapa mbele ya Mungu na kwa kichwa ya mama yangu mwenye eko mu udongo, sijakulaka franga ya muntu!"

"Ni kweli!" mtu mmoja akadakia, na wengine wakapiga makofi (wale nawashukuru hadi leo, ni watu wa moyo). Madame Ritha akafungua ukurasa wa tatu. "Hakuna?" akauliza. "Hakuna," nikasema.

Akageuka taratibu, akafungua mlango wa nyuma wa gari.

Kwanza ukatoka mguu, na kwenye mguu ndala ya plastiki ya rangi ya machungwa. Kisha kikapu chenye kichwa cha kuku kinachungulia. Kisha Mama Odile mwenyewe, kitambaa cha kichwa kimepinda, alama ya kiti cha gari bado iko shavuni.

"Eh, tulishafika? Nililala, bangeweza kuniiba na nisijue!" Akaniona, uso ukamwangaza. "Dieudonné! Nilikuya! Béatrice alinipigia juu ya viti, njo akaniambia bantu ba banque banakuya leo. Nikasema, eh, nani atasemea mutoto wangu kama minye siko? Mukwe wangu akaona gari ya banque kule kwenye kazi yake, akanilombea nafasi kwa Madame. Nikaacha mutoto wa siku tano, nikakuya!"

Na yeye, maskini, kwa furaha yake yote, akaendelea, tena kwa sauti ile ya kuuzia samaki.

"Usiogope, nilishamuelezea Madame yote mu njia. Nilimuambia, ile deni ya zamani ya groupe yetu, haikukuwa roho mubaya, kazi ilisimama. Nilimuambia, minye njo nilimulipiaka, nikauzisha congélateur, na sijamukasirikiaka ata siku moja. Si vile, Madame?"

"Ni vile, Mama," akasema Madame Ritha, na hakuniangalia, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angeniangalia.

Wale waliopiga makofi walikuwa bado wameshikanisha mikono. Halafu nikasikia sauti ya Béatrice nyuma yangu, ndogo, "Deni gani?"

"Ile ya machine ya soudure," akasema Mama Odile.

"Machine gani? Papa Grâce hajui ata kushika nyundo." Akamgeukia Mama Odile. "Ni mwaka gani ile, Mama?"

"Si ule mwaka muliolewana?"

Wanawake wa mtaa wetu hawakusoma hesabu wote, lakini ile hesabu waliifanya wote kwa mara moja, niliiona inapita usoni mwao kutoka mmoja hadi mwingine. Walikuwepo kwenye mahari. Walikula wale mbuzi. Mmoja, nyuma kabisa, akaisema: "Donc dot ya Béatrice ni congélateur ya Mama Odile!" Na mwingine hakungoja, "Basi bwana ya Béatrice ni Mama Odile!" Kicheko kilichotoka pale kilisikika hadi sokoni, kuku akaruka kikapuni, dereva wa benki akalaza kichwa kwenye usukani mabega yanatetemeka. Ndipo nilipokaa chini. Kwa hiari yangu, nimeshawaambia.

Béatrice hakucheka. Alikuwa ananiangalia kama anavyomwangalia mtu asiyemkumbuka jina.

Mngedhani yameisha. Madame Ritha ni mtu wa kazi, alisema amekuja kukagua na atakagua, akaingia sebuleni, akakaa, akatoa karatasi akaanza kuandika vitu vya nyumba: viti vya sofa vinne, televisheni moja. Mama Odile, ambaye alimfuata ndani ili aendelee kunitetea, akapiga kofi kwenye mkono wa kiti kwa fahari. "Hivi ni vyangu, Madame! Nilimuazima juu nyumba ipendeze. Na ile télé, yangu vilevile. Andika, andika, Mama Odile anamuaminia!" Kalamu ya Madame Ritha ikasimama. Ikakata mstari wa kwanza. Ikakata wa pili. Kila alichonisaidia yule mama kilikuwa msumari, na alikuwa anaugonga kwa upendo.

Kisha Madame Ritha akaomba tubaki mimi, yeye na Béatrice. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. Alisema, "Ile deni niliiona mu liste tangu siku ya kwanza. Iliandikwa, imelipwa na mudhamini, zamani. Ile haingekukatalia nyumba, Papa Grâce. Tungekulomba barua tu ya ule alikulipia, aseme mulimalizana, na pengine uongeze kidogo kwenye pesa ya kuanzia. Bantu mingi ba hapa balikosaka kulipa siku moja, kazi inasimama, tunajua."

"Na sasa?" akauliza Béatrice.

"Sasa iko uongo, na signature yake chini. Hiyo siwezi kuipitisha. Arudi kisha mwaka moja." Akafunga mkoba. "Nilimuuliza mara mbili pale nje."

Mara tatu, ukihesabu fomu.

Mwisho wa mwezi nyumba ikachukuliwa na yule mfanyabiashara wa ghala. Niliomba siku za kuhama nikapewa nne. Mparachichi walianza nao, kabla hata hatujamaliza kutoa vyombo, na Grâce alisimama barabarani akauangalia mpaka ulipoanguka, kisha akaniuliza kama mti mwingine utapandwa, na nikasema ndiyo, nikaogopa hata hilo neno langu. Tulihamia wapi? Mnajua tulipohamia. Vyumba viwili vya nyuma kwa Mama Odile, naye akasema kodi tutasikilizana, na viti vyake vya sofa vikarudi kwake kupitia mlango uleule.

Béatrice alikaa siku sita bila kusema nami zaidi ya "chakula iko" na "funga mulango." Siku ya saba akasema, na nilitamani angeendelea kunyamaza. Hakulalamikia mkopo, hata nyumba hakuilalamikia. Alisema, "Miaka tisa namusalimia ule mama na mikono mitupu. Namulomba apunguze bei ya samaki. Na weye unaniangalia." Akafungua sanduku, akatoa vitenge viwili vya mahari alivyokuwa bado amevikunja tangu siku ile (wajomba walibakiza hivyo, shukrani kwao), akavuka ua akampelekea Mama Odile. Sikusikia walichosema. Jumapili Mama Odile alikuja misa ya pili amevaa kimoja, na Béatrice amevaa cha pili, wakakaa benchi moja la mbele, na mimi kwenye kwaya nikapoteza sauti katikati ya wimbo, na mtu wa besi akanikanyaga mguu ili nirudi.

Dawa ya deni ni kulipa, basi nikaanza kulipa, kila mwisho wa mwezi, mbele ya mlango wake pale anapokaa, kwa sababu alikataa kupokelea ndani. "Balicheka hapa, baone hapa," alisema. Na kila nikilipa anauliza kwa sauti, "Leo unanipa ya mbuzi ao ya viatu vya mujomba?" na watu wanacheka, na mimi nacheka, ingawa kicheko changu kinachelewa kidogo. Mwezi uliopita nikamaliza. Alihesabu, akakunja, akaingiza kwenye kitenge, akamwita Béatrice aliyekuwa anafua. Akachukua mkono wake wenye povu akauweka ndani ya wangu. "Sasa ni bibi yako," akasema. "Zamani nilikuazima."

Ningewaapia kwamba sitasema uongo tena kwenye karatasi ya mtu, lakini kuapa nimeacha, nimeacha kabisa, hata kazini dereva akiniambia apa, naenda kunywa maji. Nitawaambia tu nilichofanya Jumanne iliyopita. Mwaka ulikuwa umetimia, nikarudi benki kuomba tena mkopo wa nyumba. Nilikuwa na woga uleule, mgongo unatoka jasho chini ya feni ileile, nikakaa kwenye benchi lilelile nikafika ukurasa wa tatu, nikaweka msalaba kwenye Ndiyo kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Chini yake wameacha mstari mmoja wa kueleza. Nikaomba karatasi nyingine. Nikaijaza pande mbili, na friza niliiandika, na mbuzi, na kichwa cha mama yangu, na viti.

Madame Ritha alisoma yote bila kupepesa macho. Hakunipa jibu, wala mimi sijui jibu litakuwa nini, alisema tu kwamba Alhamisi atapita kuangalia tunapoishi.

"Na mudhamini wako ni nani?" akauliza.

Sikuhitaji kujibu. Nyuma yangu, kwenye benchi, mtu mmoja mwenye ndala za rangi ya machungwa alikuwa amekwisha kuanza kutafuta miwani yake ndani ya kikapu, analalamika kwa nini benki kubwa kama hii haina bic.